Ukoo wa Jeni: Mwana wa Mhunzi Asiposana Huvukuta

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa kukosa istilahi. Hoja hiyo imechakaa. Tangu TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, istilahi nyingi za msingi tunazo. Tulichopungukiwa ni nathari: insha inayomketisha msomaji na kumfafanulia jambo la kisayansi hadi likamwelea. Nitajaribu hapa kwa mfano wa mhogo.

Bibi yangu, mkulima wa Pwani, hutuonya kuwa mhogo mchungu hauliwi hivi hivi. Sharti umenywe, ulowekwe, uanikwe. Analijua la kufanya, ila hajapata kuelezwa sababu kwa lugha aielewayo. Ndani ya seli za mhogo imo dutu iitwayo linamarini. Kwenye kuta za seli kimo kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu kila kimoja kimekaa mahali pake, hapana dhara. Mnyama autafunapo mmea, viwili hivyo hukutana, na hatimaye hutoka sianidi, sumu kali. Hiyo ndiyo silaha ya mhogo. Nasi tunapouponda na kuuloweka, huvikutanisha makusudi ili sumu itoke kabla ya mlo.

Linamarini yenyewe huanza kuundwa na vimeng'enya vya jeni mbili, CYP79D1 na CYP79D2, ambazo watafiti nchini Denmark walizieleza mwaka wa 2000. Jeni hizo ni za jamii kubwa iitwayo saitokromu P450. Mmea mdogo wa Arabidopsis, unaopendwa na watafiti, una takriban jeni 245 za jamii hiyo. Ajabu ni kwamba jamii iyo hiyo ndiyo yenye vimeng'enya vinavyosaidia kuunda homoni za kurefusha shina. Wengine wao, wa kundi la CYP707A, huvunja asidi absisiki, homoni inayouamuru mmea ufunge vitundu vya majani wakati wa ukame. Hivyo basi, ukuaji na ulinzi wa mmea vimo mikononi mwa jamaa wa damu moja.

Jamii hiyo tuiiteje? Tafsiri nyepesi ni 'familia ya jeni'. Mimi napendekeza 'ukoo'. Familia hutupa picha ya baba, mama na watoto. Jeni hizi hazikutokea hivyo: jeni ya kale ilinakiliwa, nakala zikabadilika kizazi baada ya kizazi, kila moja ikajipatia kazi yake. Hao ni watu wa mhenga mmoja. Wanasayansi kwa kawaida huweka pamoja vimeng'enya vinavyofanana kwa zaidi ya asilimia 40, kisha ndani yake wakatenga vinavyofanana kwa zaidi ya asilimia 55. Sisi tuna ukoo, mlango na nyumba. Ngazi zote zimo katika lugha. Hata methali tunayo: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kazi hutofautiana, kiwanda ni kimoja.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hii ni ya wanabiolojia. Sikubali. Mwanabiolojia anajua kimeng'enya hufanya nini. Aliyefunzwa kupima uzito wa neno na kusimulia ni mwanafunzi wa Kiswahili. Kila mmoja akimngoja mwenziwe, anayeumia ni mkulima. Mhogo ukikosa maji, sumu yake huzidi, na ukame ndio wakati ambapo njaa huwafanya watu wafupishe kuuloweka. Nchini Kongo, Tanzania na Msumbiji, mhogo usioandaliwa vyema umehusishwa na konzo, maradhi yanayopooza miguu ghafla na yasiyopona. Kongo na Tanzania ni nchi za wasemaji wa Kiswahili. Je, maelezo haya wayasome kwa lugha gani?

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo hautajaziwa na serikali peke yake. Pendekezo langu ni dogo: kila toleo la jarida hili libebe insha moja ya sayansi, iliyoandikwa na mwanafunzi wa Kiswahili akiwa ameketi na mwenzake wa biolojia. Orodha za istilahi tumeziandaa vya kutosha. Sasa tuzitie katika sentensi.