Kuumizwa Utotoni Si Ruhusa ya Kudhulumu



Zamani mtoto aliyetazama katuni za mashujaa alijua upesi nani steringi na nani adui. Leo mpaka huo umefifia. Katika katuni ya X-Men '97, iliyotoka Marekani mwaka 2024, Magneto, adui wa siku nyingi, ndiye anayeachiwa uongozi wa mashujaa. Mhusika huyu wa kubuni aliwapoteza wazazi wake utotoni katika mateso ya Wanazi. Mtoto anayemtazama humwonea huruma, na kwa huruma hiyo hata kisasi chake huanza kuonekana haki.

Wapo wanaodhani dawa ni kuzima televisheni. Haitoshi, kwani katuni hizo zina neno moja la kweli: mtoto aliyeumizwa hukua na jeraha lake. Sisi wa Izimbya, na wana Kagera wote, tunalijua hilo. Tuliona vita vya 1978-79. Ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, ukawaacha watoto wengi mikononi mwa bibi zao. MV Bukoba ikazama tarehe 21 Mei 1996, na tetemeko likabomoa nyumba tarehe 10 Septemba 2016.

Kosa ni kuligeuza jeraha kuwa ruhusa. Katika Suratul-Maida, aya ya 8, Allah (s.w.) anatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Nabii Yusuf (a.s.) alitupwa kisimani na ndugu zake angali mdogo. Walipomjia Misri wakiwa na njaa, naye akiwa na madaraka, aliwapa chakula na hatimaye akawasamehe. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) hakumwona baba yake, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, na babu akiwa na miaka 8, naye akawa rehema kwa walimwengu wote.

Lakini tuzingatie: Mtume (s.a.w.) hakuachwa peke yake. Alipokewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Hata Batman, yatima wa katuni aliyeona wazazi wake wakiuawa, alilelewa na Alfred, mtumishi wa nyumba yao. Mara nyingi yatima huongoka kwa sababu yupo aliyemfungulia mlango.

Basi kila msikiti ujiulize: yatima wa kijiji chetu ni nani? Analala wapi? Nani anamnunulia daftari, na nani humsikiliza anapolia? Mzazi naye aketi na mwanawe mbele ya katuni hiyo, amwulize: huyu aliumizwa, je, ana haki ya kumuumiza asiye na kosa? Mtoto asipolipata jibu kwetu, atalipokea lile la televisheni.

Wabillahi Tawfiq.