Jogoo Wetu Majeruhi



Mwezi uliopita niliahidi kwamba tutaendelea na habari ya kukausha mboga za majani. Naomba mnivumilie, mboga zitasubiri. Nyumbani kwangu tumekuwa na mgonjwa, na yapo mambo niliyojifunza ambayo nataka kuwaeleza yakiwa bado ya moto.

Mgonjwa mwenyewe ni jogoo. Najua wengine mtacheka. Baba watoto naye alicheka aliponiona nachemsha maji na kutafuta kitambaa safi, akauliza kama nataka kumtibu au kumnyonyoa. Lakini mama anayefuga kuku nyuma ya nyumba anajua thamani ya jogoo mzuri. Huyu wetu aliletwa na mama mkwe kutoka kijijini, ndani ya kapu, mwaka tulipohamia nyumba hii. Ni chotara wa kuchi, mwenye miguu mirefu. Vifaranga vyote vilivyototolewa hapa kwetu ni vyake, na mayai ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto. Ana manyoya meupe shingoni na hutembea polepole, kwa hiyo watoto wakampa jina la Mzee wa Kanisa. Mchungaji wetu alilisikia jina hilo siku moja. Kwa bahati alicheka.

Ilikuwa usiku mmoja wa Julai, na ninyi mnaoishi Iringa mnaijua baridi ya Julai. Yapata saa tisa usiku tukasikia makelele bandani. Baba watoto alitoka na tochi, nami nikamfuata nimejifunga kanga. Matetea wawili walikuwa wamekufa, mmoja hakuonekana, na manyoya yalikuwa kila mahali. Kulikuwa na harufu kali iliyobaki pale mpaka asubuhi, na jirani yetu mzee alipoinusa akasema bila kusita: kicheche. Ni mnyama mdogo mweusi mwenye michirizi myeupe mgongoni, na akitishwa hutoa harufu hiyo mbaya. Mwewe huja mchana, na nguchiro wengi pia. Usiku ni kicheche, au kanu, au mbwa wa jirani.

Jogoo alikuwa amejibanza kwenye kona, kichwa amekiingiza kati ya mbao. Mkia haukuwapo. Mgongoni ngozi ilikuwa imechanika urefu wa kidole changu cha kati, na chini ya bawa la kushoto kulikuwa na matundu mawili madogo ya meno.

Sasa nitasema jambo linaloniaibisha. Pale pale uani, kabla sijauliza chochote, nilimgeukia binti anayenisaidia kazi za nyumbani. Ana miaka 19, na amekaa nasi miaka miwili. Nilimpigia kelele kwamba hakufunga banda, kwamba kazi yake ni kulala tu. Nikaongeza neno moja juu ya kwao ambalo sitaliandika hapa. Watoto walikuwa wameamka, wamesimama mlangoni. Binti alisema mara moja tu, "Nilifunga, Mama." Kisha akanyamaza, akavua kanga aliyojitanda, akamfunika jogoo na kumbeba.

Kumfunika ndiko kulikotakiwa. Kuku aliyeshtuka akiwa gizani hutulia, na mshtuko peke yake unaweza kumwua kuku. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Pia alimshika inavyopasa, mkono mmoja chini ya tumbo na mwingine juu ya mabawa, bila kumbana. Kuku hapumui kama sisi. Kifua chake lazima kiinuke na kushuka ndipo hewa iingie, hivyo ukimkumbatia kwa nguvu unaweza kumwua mikononi mwako huku ukimhurumia.

Tukamweka ndani ya katoni stoo, mbali na wenzake. Hili msilipuuze: kuku wakiona damu huidonoa, hata ya ndugu yao, na hawaachi. Mimi nilitaka kumwekea jiko la mkaa lililokuwa bado na moto. Baba watoto alikataa, na alikuwa sawa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu inayoua watu, sembuse kuku. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki, tukaizungushia sweta kuukuu na kuiweka upande mmoja wa katoni, ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Usidanganyike kwa kumpapasa. Kuku mzima ana joto la kama nyuzi 41, kwa hiyo mkononi mwako atakuwa wa moto hata kama si mgonjwa. Aliyeshtuka sana ndiye anayepoa, na kilemba chake hupauka.

Usiku ule hatukumpa chakula. Tulimpa maji tu, yale yale tunayompa mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha. Chovya ncha ya mdomo wake, mwenyewe atameza. Usimmiminie kooni, maana tundu la pumzi liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yakiingia humo umemzamisha.

Asubuhi ndipo tuliposafisha kidonda. Nilichemsha lita 1 ya maji, nikatia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, nikaacha yapoe hadi kuwa vuguvugu. Tulitumia bomba la sindano lisilo na sindano, jipya, la duka la dawa. Binti alimshika, mimi nikakata kwa mkasi manyoya yaliyozunguka jeraha. Usiyang'oe, ngozi ya kuku ni nyepesi nayo itachanika zaidi. Kisha nikapitisha maji polepole mpaka uchafu wote ukatoka. Kwenye matundu ya chini ya bawa sikusukuma maji kwa nguvu, kwa sababu kuku ana mifuko ya hewa mwilini inayoungana na mapafu, na jino likiwa limefika humo, maji nayo yatafika.

Baada ya hapo tulipaka ayodini ile ya kahawia, iliyozimuliwa mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Spiriti hapana. Huunguza nyama changa inayojaribu kuota, na kwa nini umwongezee maumivu? Kuanzia siku ya pili tulipaka asali safi mgongoni, tabaka jembamba, asubuhi na jioni. Asali hutumika hata hospitalini kwa vidonda vya watu. Kila baada ya kazi hii mikono ilioshwa kwa sabuni, na beseni lile halikurudi jikoni.

Yale matundu mawili madogo ndiyo yaliyonitia hofu zaidi. Jeraha la kuchanika linaonekana kubwa lakini linapumua. Tundu la jino huziba juu huku vijidudu vya mdomo wa mnyama vikibaki ndani. Nilimwita ofisa mifugo wa kata. Alinipa dawa ya unga ya kuchanganya na maji, ya siku tano, akasisitiza kwamba nyama ya kuku aliyepewa dawa hailiwi, wala mayai ya tetea aliyepewa, mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Najua wengi wetu hufungua vidonge vya rangi mbili vya watu na kuvimimina kwenye maji ya kuku. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe. Tuache. Tunakisia kipimo, vijidudu vinazoea dawa, na siku mtoto atakapoihitaji haitamsaidia.

Nzi nao ni adui. Kidonda cha wazi kikiguswa na nzi, mafunza hutokea kabla ya siku mbili kwisha. Binti alishona kipande cha chandarua kuukuu juu ya katoni, na kila asubuhi aliinua manyoya na kuangalia, hata chini ya mkia ambako mimi nisingekumbuka. Ndiye aliyekuwa akimlisha vilevile: yai la kuchemsha lililopondwa, pumba iliyoloweshwa, dagaa waliosagwa. Manyoya hujengwa kwa protini, na jogoo huyu alikuwa na mkia mzima wa kujenga. Jioni alipapasa gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kujua kama ameshiba. Kazi hiyo yote aliifanya bila kutumwa. Mimi alinijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama", basi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, na baba watoto alikwenda kutengeneza banda, maana mnyama aliyepata chakula mahali hurudi. Wavu mwembamba wa kuku haumzuii kicheche. Alinunua waya wa kofitrei, akauchimbia ardhini kiasi cha sentimeta 30 na kupanga mawe juu yake. Aliporudi ndani alinifuata chumbani, akafunga mlango. Akasema, "Usiku ule nililifungua komeo kwa mkono wangu mwenyewe. Lilikuwa limefungwa." Mnyama alipita chini, kwenye ubao wa nyuma uliooza.

Ubao huo niliujua. Binti aliniambia habari zake mwezi wa Mei. Nilimjibu kwamba tusubiri, kwa kuwa fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya mchango wa harusi, na jina langu lilikuwa bado halijatiwa alama kwenye orodha.

Mngetarajia nitoke chumbani moja kwa moja nikamwombe radhi. Sikutoka. Nilikaa na neno lile siku mbili. Jioni mbili niliongoza sala ya familia, binti ameketi kwenye mkeka karibu na watoto, nami nikaomba Mungu atusamehe makosa yetu kwa ujumla. Nilijiambia kwamba mtu mzima akijishusha mbele ya watoto heshima ya nyumba itapungua. Nilijiambia pia kwamba ameshasahau.

Jumatatu alfajiri nilimkuta stoo akimbadilishia jogoo matandazo. Kando ya katoni palikuwa na begi lake, limefungwa. Nikamwuliza. Alijibu kwa upole, bila kuniangalia, kwamba amemwomba kaka yake nauli na imeshafika. "Nasubiri apone tu, Mama, ndipo niage."

Niliwaita baba watoto na watoto wote, wengine wakiwa bado hawajanawa uso. Kwa kuwa nilimtukana mbele yao, nilisema mbele yao: banda lilifungwa, ubao ulikuwa kosa langu, na neno nililosema juu ya kwao lilikuwa dhambi. Mdogo wetu akauliza, "Kwa hiyo dada hakukosea?" Nikamjibu hakukosea. Binti alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akasema jogoo hajanywa maji.

Nirudi kwa mgonjwa. Siku ya sita nyama mpya nyekundu ilikuwa imejaa mgongoni. Siku ya 11 aliwika, sauti imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua, na nyumba nzima ikashangilia. Yale manyoya yaliyong'olewa na mizizi huanza kuota upya mara moja, ila yaliyokatika hubaki vile vile mpaka kuku abadilishe manyoya. Manyoya machanga yana damu ndani yake, kwa hiyo usiwe na haraka ya kumrudisha kwa wenzake. Sisi tulimweka siku nne kwenye tenga pale pale uani, waonane bila kugusana. Hata hivyo jogoo kijana alikuwa ameshajitwalia ufalme, na vita ingekuwepo. Tatizo hilo lilijimaliza lenyewe mchungaji alipokuja kututembelea.

Niseme pia kwamba si kila kuku anayefaa kuuguzwa. Kama tumbo limepasuka na utumbo unaonekana, au mfupa umetokeza nje, au siku nzima imepita naye hawezi kuinua kichwa anywe, basi mchinje upesi, usimwache ateseke kwa sababu unamwonea huruma. Someni Mithali 12:10, halafu muangalie mabanda yenu kabla jua halijazama, hasa mbao za chini upande wa nyuma.

Binti aliondoka wiki ya kwanza ya Agosti. Tulimlipa mshahara wake wote, na nauli ya kwenda na kurudi, nikamwambia ile ya kurudi ni yake hata asiporudi. Tetea mweusi mwenye vifaranga saba ni wake pia, tunamlelea. Amesema atarudi mwezi huu wa tisa, mama yake akikubali. Juzi alituma ujumbe kwenye simu ya baba watoto, kuuliza kama mkia umeota. Nimemjibu kwamba umefika urefu wa vidole viwili.