MAZUNGUMZO YA JUMA: Reli Ndogo Juu ya Meza, na Ujuzi Ulio Chini Yake

Watu wa Homa Bay na Migori hawakupata kuwa na reli kwao. Njia ya gari moshi iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, ikakoma penye maji. Kutoka hapo mizigo ya upande wetu wa kusini ilipakiwa melini, ikashushwa kwenye gati za Kendu Bay na Homa Bay. Mtoto wa Migori aliyetaka kuona gari moshi ilimbidi kusafiri. Asiyeweza kusafiri alijitengenezea lake kwa waya na makopo, huku baba yake akimwambia aache upuuzi akachunge ng'ombe.

Juma hili napenda kueleza habari za watu wazima, tena wasomi, walioshughulika na mchezo huo huo, ili tuone kama kweli ni upuuzi.

Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts huko Marekani, kuna chuo kikuu cha ufundi kiitwacho MIT. Baada tu ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi wa hapo walianzisha chama cha kutengeneza mifano ya reli. Walikaa katika Jengo Namba 20, jengo la mbao lililojengwa upesi mwaka 1943 kwa haja za vita, ambalo halikukusudiwa kudumu. Humo waliunda meza kubwa, wakatandika juu yake reli, vilima, miji na stesheni. Kipimo chao kilikuwa sehemu moja ya themanini na saba. Reli ya kweli yenye upana wa milimeta 1,435, kama ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, kwa kipimo hicho huwa na upana wa milimeta 16 na nusu tu. Mwenye penseli na afanye hesabu: njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu, ambayo ni kama kilometa 930, ingehitaji meza yenye urefu wa kilometa 10 na zaidi!

Chama kilikuwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza walipenda yaonekanayo: kupaka mabehewa rangi, kupanda miti midogo, kujenga nyumba. Wa pili walipenda kujilaza chini ya meza, mahali pa nyaya. Hao walichukua swichi za umeme zilizotumiwa katika mitambo ya simu, wakaziunganisha hata madereva kadhaa wakaweza kuendesha magari yao wakati mmoja, kila mmoja kwenye sehemu yake ya njia. Mgeni aliona gari likipita. Hakuona kazi iliyolipitisha.

Kutoka chini ya meza hiyo vijana kadhaa waliingia katika kazi ya kompyuta, ambazo zamani hizo zilikuwa chache na kubwa kama chumba. Mwaka 1962 baadhi yao walishiriki kutengeneza Spacewar, mmojawapo wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta. Basi mambo yaliyodhaniwa kuwa ya kitoto yalikuwa ngazi ya kupandia.

Hata hivyo, jambo nililokusudia hasa ni hili lifuatalo. Ilipoamuliwa kwamba Jengo Namba 20 libomolewe, chama kilihamia jengo lingine mwaka 1997, na mwaka uliofuata lile la zamani likavunjwa. Reli iliyopigiliwa misumari na kufungwa nyaya kwa miaka mingi haibebwi kama kitanda. Iliwabidi waanze mfano mpya. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walijenga tena, na safari hii waliweka kompyuta na vifaa vya elektroni kufanya kazi iliyofanywa na zile swichi za simu.

Waliwezaje? Fikirini: mwanafunzi hukaa chuoni miaka michache, kisha huondoka. Chama cha namna hiyo hakiwezi kumtegemea fundi mmoja. Kama mkubwa hamfundishi mdogo mwaka hata mwaka, mlango utafungwa. Mali ya chama haikuwa meza, bali ujuzi uliorithishwa.

Sasa tutazame kwetu. Ni mara ngapi pampu ya maji imenyamaza kwa sababu kijana aliyeijua amekwenda Nairobi? Ni mara ngapi kinu cha unga cha kikundi kimeota kutu kwa kuwa mzee aliyekishika alifariki na siri yake? Chombo kipya huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, lakini hakuna aliyeambiwa ajilaze chini atazame nyaya.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kila fundi wa chama cha ushirika awe na mwanafunzi wake, avulana au msichana, anayeshika spana pamoja naye. Pili, pawe na daftari lenye michoro: waya huu watoka wapi, waenda wapi, na ulibadilishwa lini, nalo likae ofisini, si nyumbani kwa fundi. Tatu, shule zetu zianzishe vyama vya mifano. Watoto wapime gati la Homa Bay au daraja la Migori, wagawanye kwa themanini na saba, walijenge kwa mbao na makopo. Na wanaomaliza wawafundishe wanaoingia.

Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao na waya mkononi, kwanza muulize gari lake linakataje kona. Ng'ombe watamngoja kidogo.