Mpanda na Dar ni saa moja na nusu? Thubutu!

Ukitaka kugombanisha ukoo mzima, wapigie watu hesabu za ndege. Hapa Makanyagio tumefiwa na shangazi, na kifungua mimba wake yuko Dar. Jumatano asubuhi akapiga simu huku analia: "Kaka, msimzike mama bila mimi. Ndege ni saa moja na nusu tu!"

Wazee wakanigeukia, eti mimi ndiye msomi. "Haya mwanetu, tumsubiri au tusimsubiri?"

Nikakokotoa. Ukivuta uzi juu ya ramani, Mpanda hadi Dar ni kama kilomita 900. Barabara ya kupitia Dodoma na Tabora ni kama 1,200. Reli nayo ina mizunguko yake: Dar hadi Tabora kilomita 840, unakwenda Kaliua, halafu unashika tawi la kilomita 210 ambalo mkoloni alilijenga kufuata madini ya risasi ya hapa kwetu. Sasa pangaboi kama ile Q400 ya abiria 76 inakata kama kilomita 650 kwa saa. Ongeza kupaa na kutua, saa moja na nusu inatimia. Binamu hakudanganya.

Lakini hiyo ni saa ya rubani, bwana wee, siyo ya abiria! Abiria anatoka Mbagala na foleni yake, anawahi uwanjani, na ndege ikipitia Tabora ndiyo basi tena. Na kubwa kuliko yote: ndege yenyewe lini? Nikampigia. "Ya karibu ni Ijumaa mchana, kaka."

Ijumaa! Kwa hesabu yangu safari hiyo ni ya saa 50, na 48 kati ya hizo ni za kukaa sebuleni.

Baba Mkubwa akakata shauri: "Kesho, kabla jua halijazama, tunazika."

"Panda basi la jioni hii hii," nikamwambia binamu, "Tabora utaunganisha." Akapanda. Mbele ya Inyonga wakapata pancha.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni akateremka pale kituoni, mbio hadi makaburini. Dar wakati huo walishawasha taa. Sisi tuko magharibi yao kwa nyuzi 8 za longitudo, na kila nyuzi moja jua hulipita kwa dakika 4, kwa hiyo japo saa za ukutani ni zile zile, jua letu huzama kama nusu saa baadaye. Mwanga ulikuwepo. Akamtupia mama yake udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Baba Mkubwa akanisogelea. "Na hiyo ndege ingemleta lini?"

"Kesho mchana, Baba."

"Saa moja na nusu, eh?" akasema, akachukua chepe.