AKISHIKWA USIKU, NANI ATAGONGA MLANGO?



Liko jambo ambalo twadhani ni la nyumbani tu, kumbe ni la kazi pia. Mwaka 2018 jarida la madaktari la Uingereza, Heart, lilichapa hesabu iliyojumlisha chunguzi 34 za watu zaidi ya milioni 2. Wasio katika ndoa, yaani waseja, walioachana na waliofiwa, walionekana kuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi ya wenye ndoa kwa zaidi ya asilimia 40.

Je, cheti cha ndoa ni dawa? Hapana. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba ndoa yenyewe huponya, na nyumba ya ugomvi haimpumzishi mtu moyo. Lakini uchunguzi wa wagonjwa 4,403 wa Ontario, Canada, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanaume wenye wake walifika hospitali mapema kwa kadiri ya nusu saa kuliko wasio na wake. Mwanamume akibanwa na kifua husema, "Itapita." Mkewe hangoji ipite, huita jirani, hutafuta gari. Na moyo uliokosa damu hufa kidogo kidogo kila dakika.

Sasa tujitazame. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter iliandika kwamba mshahara wa chini katika Kenya ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke, ikashauri upimwe kwa mtu na jamaa yake. Miaka mingi imepita, lakini hata leo wako wenzetu wenye ndoa wanaoishi kama waseja: mke yuko shamba, mume yuko mjini katika chumba kimoja, kwa kuwa mshahara hautoshi kuwaweka pamoja. Dada zetu walioacha jamaa zao mbali ni vivyo hivyo.

Basi kudai mshahara na nyumba ya kukaa na jamaa si kudai anasa, ni kudai uzima.

Kabla hatujapata, tulindane. Kila mjumbe wa idara ajue nani analala peke yake. Mwenzako asipofika kazini, usingoje jioni, nenda kamwulize. Mwenye dawa za presha akumbushwe kuzimeza. Anayebanwa na kifua apelekwe hospitali saa ile ile.

Umoja wa chama si wa mkutanoni tu. Ni wa usiku pia.