Mazoezi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo umezoeleka madukani, katika vyama vya ushirika na katika ofisi za umma, lakini ni nadra kusikika viwanjani. Huko kijana hukimbia asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, na jasho lake hukauka bila kuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Akishinda husemwa kuwa ana kipaji. Akishindwa husemwa kuwa hakujitahidi. Hakuna awezaye kuthibitisha lolote kati ya hayo mawili.

Jambo hili ni la ajabu, kwa sababu wanaosimamia michezo ya vijana wengi wao ni watu wa maandishi. Mtumishi wa umma haamui shauri zito kabla ya kuitisha jalada. Mwalimu haingii darasani bila azimio la kazi na andalio la somo. Lakini mwalimu huyohuyo akifika uwanjani hutegemea kumbukumbu ya kichwa, na kichwa husahau.

Vipaji nchini havikukosekana. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka 1980 yeye na Suleiman Nyambui walirudi kutoka Moscow na medali za fedha za Olimpiki. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule alioandikiwa Amanal Petros wa Ujerumani aliyekuwa wa pili. Simbu huyo alikuwa amepata medali ya shaba mjini London mwaka 2017. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane. Safari ndefu kiasi hicho haifai kuendeshwa kwa kubahatisha.

Jirani yupo wa kuigwa. Eliud Kipchoge wa Kenya, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na 2021, anajulikana kwa desturi yake ya miaka mingi ya kuandika mazoezi yake daftarini kwa mkono wake mwenyewe. Ikiwa bingwa wa kiasi hicho hakuiamini kumbukumbu yake, mwanafunzi wa sekondari ataiaminije?

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Daftari la kawaida la shule latosha. Kila siku iandikwe tarehe, umbali, muda uliotumika, hali ya njia na ya hewa, saa za usingizi, chakula na maumivu yoyote. Yaandikwe pia mapigo ya moyo, yakihesabiwa kwa dakika moja mara baada ya kuamka, kabla ya kuondoka kitandani.

Faida yake huonekana upesi. Ichukuliwe kwamba kijana amezoea kuamka na mapigo 54, kisha kwa siku tatu mfululizo yakawa 62. Tarakimu hiyo peke yake haitoi hukumu, bali humfanya mwalimu aulize. Je, kijana amelala? Je, homa inamnyemelea? Je, jana alishinda shambani na jembe? Mwili hujijenga wakati wa kupumzika baada ya kazi. Ukiongezewa mzigo kabla haujapona, hubomoka. Mwalimu asiye na daftari angemwona kijana huyo akizembea, akamwongezea mizunguko kama adhabu. Hivyo ndivyo goti changa linavyoharibiwa, na mkimbiaji aliyetarajiwa akabaki mtazamaji.

Hata hivyo, daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari. Mwanafunzi aliyekimbia kilomita 6 akaandika 10 ili kumfurahisha mwalimu, amemdanganya mtu atakayempangia mazoezi ya kesho. Kwa hiyo daftari lisigeuzwe fimbo. Anayeandika kwamba alichoka asiadhibiwe kwa kusema kweli. Habari za afya, hasa za wasichana, zisisomwe mbele ya wenzao. Wala ratiba iliyoandikwa jana isishinde maumivu yaliyoonekana leo.

Lipo jambo zito zaidi ya hayo. Walimu huhamishwa. Wanafunzi humaliza shule ya msingi na kupelekwa sekondari katika wilaya nyingine. Kila uhamisho huo hufuta yote yaliyojulikana juu ya kijana: alianza lini, aliumia wapi, mzigo gani ulimjenga na upi ulimwangusha. Mwalimu mpya huanza upya, na mara nyingi huanza kwa kurudia kosa la aliyemtangulia. Ofisini, afisa anayehama hukabidhi majalada. Kwa nini mwanariadha akabidhiwe kwa maneno matupu, au asikabidhiwe kabisa?

Haina budi basi daftari liwe mali ya mwanariadha, limfuate kila aendako, na mwalimu anayehama aache muhtasari wake shuleni pamoja na vifaa vingine vya kazi. Wakuu wa shule na maafisa michezo wa wilaya wanaweza kulianza jambo hili bila kungoja waraka. Katika kambi za UMITASHUMTA na UMISSETA, kabla kijana hajaulizwa viatu vyake viko wapi, aulizwe daftari lake liko wapi. Shule itakayoweza kulijibu swali hilo itakuwa imeanza kukitunza kipaji. Isiyoweza itaendelea kukiokota na kukipoteza.