Wakazi wa Alupe Waambiwe Safari Nzima



Kwa ramani na rula, uwanja mdogo wa ndege wa Busia uko kilomita zipatazo 25 tu kutoka ule wa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, yenye mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa, ingezimaliza kwa dakika tano. Hesabu haina kasoro. Kinachokosekana ni ndege yenyewe, kwa kuwa hakuna ya ratiba inayounganisha viwanja hivyo. Hata ingekuwepo, ndege inayovuka mpaka haitui popote rubani anapopenda, bali panapokuwa na maafisa wa uhamiaji na forodha.

Basi mwenye safari ya Tororo hushika barabara ya Malaba, katikati ya msururu wa trela. Januari 2022, madereva walipotakiwa kupimwa korona kabla ya kuingia Uganda, foleni ya malori ilienea kilomita kadhaa ndani ya Kenya. Umbali haukuwa umeongezeka hata hatua moja.

Busia ilishaonyesha dawa ya tatizo hilo. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, kiliwawezesha wasafiri kumaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Muda uliokolewa pale mtu aliposimama, si pale alipotembea.

Lakini lalamiko kubwa la Alupe ni safari ya Nairobi. Wanaonadi usafiri wa anga magharibi mwa Kenya hutaja dakika za angani peke yake: Kisumu hadi Nairobi, kilomita kama 280, chini ya saa moja. Tamu kweli! Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe, au mgonjwa anayekwenda kumwona daktari bingwa, haanzii Kisumu. Huanza na bodaboda au matatu hadi Busia mjini. Hapo husubiri gari lijae, na gari la saa tano mchana halina haraka ya kujaa. Kisha ni Bumala, Ugunja, Yala, Luanda na Maseno, zaidi ya kilomita 100 za lami, vizuizi vya polisi na abiria wanaoshuka kila kituo. Saa mbili zikitosha, ashukuru. Uwanjani anatakiwa kufika mapema kabla ya ndege kuruka, na akitua Nairobi anakutana na msongamano wa magari wa huko.

Kwa mstari ulionyooka, Busia na Kisumu zimeachana kilomita 90 hivi, yaani takriban dakika 20 za ndege ndogo. Na anayefikiria kupandia ndege Eldoret badala ya Kisumu, ambako uwanja wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 1997, ajue ni mbali zaidi.

Wenye dhamana ya viwanja vya ndege waseme wazi kama Busia itapata ndege ya ratiba, na lini. Kama haitapata, waseme hivyo pia, wakazi waache kungoja. Katika muda huo, kaunti ikae na wenye mabasi wapange gari la kutoka Malaba kupitia Alupe na Busia hadi Uwanja wa Ndege wa Kisumu, liondoke kwa saa inayojulikana, lijae lisijae, liwahi ndege ya asubuhi.

Msomaji,
Alupe, Kaunti ya Busia